MJI MMOJA, MAJINA MAWILI
Somo kwa viongozi wa vikundi, wazee wa mitaa na kamati za maendeleo



Somo letu la leo ni juu ya majina ya mahali. Huenda ukasema, "Jina ni jina tu, haliivishi ugali." Lakini kama umewahi kukaa katika baraza ambapo watu walianza kuzozana juu ya jina la shule mpya au la soko, unajua ya kwamba ugomvi wa jina unaweza kuvunja mkutano kabla ya ajenda ya pili. Maji hayajazungumzwa, barabara haijazungumzwa, na watu wamekwenda nyumbani wamenuna.

Tutachukua mfano wa mji mmoja wa Ulaya ambao wenyeji wake hawajakubaliana jina hata leo. Nimeuchagua mji huo kwa sababu mbili. Kwanza, uko mbali, kwa hivyo hakuna mmoja wetu atakayeona kwamba ananyoshewa kidole. Pili, waliogombana ni Wakristo kwa Wakristo, majirani waliosali kwa Mungu yule yule. Tutafuata njia yetu ya kawaida: Tazama, Amua, Tenda.

TAZAMA: MJI WENYEWE NI UPI?

Mji huu uko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya dola ya Uingereza. Ni mji wa pili kwa ukubwa huko baada ya Belfast, wenye watu kama 85,000. Mto uitwao Foyle unapita katikati. Ng'ambo ya magharibi Wakatoliki ndio wengi. Ng'ambo ya mashariki, panapoitwa Waterside, Waprotestanti wengi wanaishi huko. Ukitembea kilomita chache tu kwenda magharibi unavuka mpaka na kuingia Jamhuri ya Ireland, nchi nyingine inayojitawala.

Sasa, jina. Wakatoliki wengi wanauita Derry. Waprotestanti wengi, hasa katika maandishi na mambo rasmi, wanauita Londonderry. Ukitamka jina moja mbele ya mtu usiyemjua, tayari amekukisia: dini yako, chama chako, na nchi unayotaka mji huo uwe ndani yake. Kwa maana Wakatoliki wengi wangependa Ireland yote iwe nchi moja, na Waprotestanti wengi wanataka kubaki na Uingereza. Kwa hiyo kuulizana jina la mji ni kama kuulizana, "Wewe ni wa upande gani?"

Majina haya yalitoka wapi? Derry linatokana na neno la Kiirishi, Doire, maana yake msitu wa mialoni. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Columba alianzisha monasteri hapo katika karne ya 6, na kwa muda mrefu mahali hapo pakaitwa kwa jina la mialoni pamoja na jina la mtakatifu huyo.

Halafu wakaja walowezi. Mwanzoni mwa karne ya 17 mfalme wa Uingereza, James wa Kwanza, alichukua ardhi nyingi ya kaskazini ya Ireland na kuwagawia watu kutoka Uingereza na Scotland. Kazi ya kuujenga upya mji huu walipewa wafanyabiashara wa jiji la London. Mwaka 1613 mfalme akatoa hati, na mji ukaitwa Londonderry, yaani London ikawekwa mbele ya Derry. Wakajenga ukuta mkubwa wa mawe kuuzunguka mji, na ukuta huo umesimama mpaka leo.

Hapo msomaji wa Kenya anaweza kuruka na kusema: "Basi jawabu ni rahisi! Jina la walowezi liondolewe, kama sisi tulivyofanya. Fort Hall ikawa Murang'a, Thomson's Falls ikawa Nyahururu, Broderick Falls ikawa Webuye. Mambo yakaisha."

Ngoja kwanza. Kwetu mambo yaliisha kwa sababu wengi wa wale walioleta majina hayo walifunga mizigo wakaenda zao, na waliobaki walikuwa wachache. Hakukuwa na jirani wa kulilia Fort Hall. Lakini kule Derry, wajukuu wa wale walowezi hawakwenda popote. Wamezaliwa hapo, baba zao na mababu zao wamezikwa hapo, na ni zaidi ya miaka 400 sasa. Hawana "kwao" kwingine pa kurudi. Hii ndiyo tofauti kubwa ninayoomba uishike: kubadilisha jina la mahali ambapo aliyelileta ameondoka ni jambo moja, kubadilisha jina la mahali ambapo yeye bado ni jirani yako ni jambo jingine kabisa.

KILA UPANDE UNA KUMBUKUMBU YAKE

Waprotestanti wa mji huo wana hadithi yao. Mwishoni mwa mwaka 1688, vijana waliokuwa wanajifunza ufundi walifunga malango ya mji mbele ya askari wa mfalme Mkatoliki, James wa Pili. Mwaka 1689 mji ukazingirwa kwa siku 105, na watu wengi sana wakafa kwa njaa na magonjwa kabla meli za chakula hazijafika. Kila mwaka wazao wao wanafanya gwaride la kukumbuka. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: chama kinachoandaa gwaride hilo, ambacho ni cha Kiprotestanti hasa, kinajiita Apprentice Boys of Derry. Si Londonderry, ni Derry! Hata dayosisi ya Kianglikana inaitwa Derry na Raphoe. Zamani pande zote mbili zilisema Derry katika mazungumzo ya kawaida na hakuna aliyeona ubaya.

Wakatoliki nao wana hadithi yao. Wanakumbuka ardhi iliyochukuliwa. Wanakumbuka 30 Januari 1972, Jumapili, wakati wanajeshi wa Uingereza walipowafyatulia risasi watu waliokuwa wanaandamana katika mtaa wa Bogside. Watu 13 waliuawa siku hiyo, na mmoja aliyejeruhiwa akafa baadaye. Ilichukua miaka 38, mpaka Juni 2010, ndipo uchunguzi uliotolewa hadharani ukasema kwamba waliouawa hawakustahili kupigwa risasi, na Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, akaomba msamaha bungeni.

Basi, ndugu msomaji, unaona? Anayesema Derry na anayesema Londonderry, kila mmoja amebeba makaburi mgongoni. Ukimwambia "Acha jina lako," yeye anasikia "Sahau wafu wako."

AMUA: CHINI YA JINA KUNA NINI?

Sisi wa ustawi wa jamii tumefundishwa kwamba kilio cha kwanza cha mtu mara nyingi si shida yenyewe. Mama anakuja kulalamika juu ya karo, ukikaa naye unagundua mume ameacha kazi. Ugomvi wa jina ni hivyo hivyo. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Tusigombane na mawingu, tuulize mvua iko wapi.

Kwa nini jina ambalo watu walilivumilia miaka mingi liligeuka moto katika nyakati zetu? Tuangalie hesabu. Mwaka 1967 mji huo ulikuwa na wapiga kura Wakatoliki 14,429 na wasio Wakatoliki 8,781. Ungetarajia Wakatoliki wawe na viti vingi katika baraza la mji, si ndiyo? Sivyo. Upande wa Waprotestanti ulikuwa na viti 12, na upande wa pili viti 8. Iliwezekanaje?

Mipaka ya wadi ilichorwa kwa ujanja. Wakatoliki wengi, 10,047, walirundikwa katika wadi moja ya kusini, ambayo ilikuwa na viti 8. Wadi ya kaskazini ilikuwa na wapiga kura 6,476 tu wa dini zote, nayo ikapewa viti 8 vile vile. Wadi ya Waterside ilikuwa na wapiga kura 5,549 na viti 4. Katika wadi hizo mbili Waprotestanti ndio waliokuwa wengi, wakachukua viti vyote.

Tena si kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura ya baraza. Kura ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji mkuu pamoja na mwenzake wa ndoa. Kijana aliyekaa kwa baba yake, au familia iliyopanga chumba kimoja, hawakuwa na kura. Kwa hiyo kumpa mtu nyumba ya baraza kulikuwa ni kumpa kura, na baraza likawa gumu kuwapa Wakatoliki nyumba nje ya wadi yao ya kusini. Watu wakabanana katika vyumba vidogo, na kazi zikawa haba.

Sasa fikiria wewe ni baba wa watoto sita katika chumba kimoja. Barua inatoka kwa baraza kukuambia hakuna nyumba, na juu ya karatasi hiyo jina lililoandikwa ni Londonderry. Je, utalipenda jina hilo? Jina lilibeba lawama ya nyumba, ya kura na ya kazi.

Lakini tuwe waadilifu, tutazame pia upande wa pili. Kura ziliporekebishwa na baraza jipya kuchaguliwa mwaka 1973, mambo yaligeuka. Wakatoliki wakawa na sauti kubwa. Vita vya mabomu na bunduki vilikuwa vinaendelea, vita ambavyo kufikia mwaka 1998 viliua watu zaidi ya 3,500 katika Ireland ya Kaskazini na nje yake. Waprotestanti wengi waliokuwa wakiishi magharibi ya mto walihama wakavuka kwenda Waterside au mbali zaidi. Waliobaki wakajiona kama wamezingirwa mara ya pili. Halafu mwaka 1984 baraza likabadilisha jina lake, kutoka Londonderry City Council kuwa Derry City Council. Kwa walio wengi hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Kwa walio wachache ilikuwa ni kuambiwa, "Kwanza jina lenu, kisha ninyi wenyewe." Baadhi ya madiwani wao wakagoma kuhudhuria vikao.

Hapo ndipo lilipo jambo la kuamua. Upande mmoja ulisema jina wakati unadai nyumba na kura. Upande mwingine ulisema jina wakati unaogopa kufukuzwa. Wote walitamka jina, na kila upande ulikuwa na jambo lake. Wangeendelea kubishana juu ya historia ya mialoni na hati ya mfalme, wasingeufikia mzizi hata kwa miaka mia.

SHERIA ILISEMAJE?

Wengine watauliza, kwani hakuna korti? Ipo. Baraza lilipeleka swali mahakamani, na Januari 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba kubadilisha jina la baraza mwaka 1984 hakukubadilisha jina la mji. Mji, kisheria, ulibaki Londonderry, na ili ubadilike lazima itumike sheria ya bunge au mamlaka ya kifalme. Je, uamuzi huo uliwafanya watu waache kusema Derry? Hata kidogo. Vibao vya barabara vilivyoandikwa Londonderry viliendelea kupakwa rangi usiku, neno London likifutwa. Korti inaweza kukuambia kitakachoandikwa kwenye hati. Haiwezi kuamuru ulimi wa mtu akiwa nyumbani kwake.

TENDA: WALIFANYA NINI?

Hawajakubaliana jina moja. Lakini waliacha kungojea jina ndipo waishi pamoja. Tuone mambo manne.

1. Walitafuta kazi isiyouliza jina. Mwaka 1960, mwalimu kijana aitwaye John Hume na wenzake walianzisha chama cha akiba na mikopo, kama Sacco zetu, ili maskini wasinyonywe na wakopeshaji. Mwaka 1965 serikali ilipoamua kwamba chuo kikuu kipya kijengwe katika mji mdogo wa Coleraine, Wakatoliki na Waprotestanti wa Derry walipanga msafara mmoja wa magari hadi bunge la Belfast kupinga. Hume alikuwa mbele pamoja na meya Mprotestanti. Chuo hawakukipata, lakini walionyesha kwamba watu wanaotaja mji wao kwa majina mawili wanaweza kuupenda kwa moyo mmoja. Hume huyo huyo, mwaka 1998, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na David Trimble, kiongozi wa upande wa pili, baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka huo.

2. Walipokezana. Kuanzia miaka ya 1970, ingawa upande mmoja ulikuwa na viti vingi, kiti cha meya kilikwenda pia kwa upande wa wachache. Aliyeonja uongozi haogopi sana kufutwa.

3. Walizungumza juu ya jambo moja dogo kwa wakati mmoja. Magwaride ya kila mwaka yalikuwa yanaleta mawe na moto. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waandaaji wa gwaride, wakazi wa Bogside na wafanyabiashara wa mji walianza kuzungumza: njia ipi, saa ngapi, nani atasimamia nidhamu. Hawakujadili nani alikuwa na haki mwaka 1689. Walijadili Jumamosi ijayo. Hatua kwa hatua magwaride yakatulia.

4. Walijifunza kuandika majina yote mawili. Mtangazaji wa redio Gerry Anderson aliufanyia mzaha mji wake. Kwa kuwa watu waliandika Derry/Londonderry, yeye akauita Stroke City, yaani Mji wa Mkwaju, kwa ajili ya ule mstari katikati ya majina. Watu wakacheka, na kicheko kikapunguza sumu. BBC nayo ilijiwekea kanuni: taja Londonderry mara ya kwanza katika habari, kisha Derry. Mji ulipochaguliwa kuwa Mji wa Utamaduni wa Uingereza kwa mwaka 2013, ulitangazwa kwa majina yote mawili. Na mwaka 2011 lilifunguliwa daraja la watembea kwa miguu na baiskeli juu ya Foyle, kuunganisha pande zile mbili. Halikupewa jina la shujaa wa upande wowote. Linaitwa Peace Bridge, Daraja la Amani.

Nisikudanganye, bado yako matatizo. Watoto wengi wanasoma katika shule tofauti, na wako wanaochukia mpaka leo. Lakini jina halitoshi tena kuwasha moto peke yake.

NA SISI JE?

Kwetu pia yapo mahali pa majina mawili. Katika Bonde la Ufa, watu walionunua mashamba baada ya uhuru walibeba majina ya kule walikotoka wakayapa makao yao mapya, na majirani wao wana majina ya pale pale ya tangu zamani. Mahali kwingine mto au kilima ndicho mpaka, na kila jamii inakiita kwa lugha yake. Tumeona mwaka 1992 na tena mwaka 2007 na 2008 jinsi maneno "wenyeji" na "wageni" yanavyoweza kuchoma nyumba. Kwa hivyo, kiongozi, ukipata ugomvi wa jina katika eneo lako, jaribu haya:

- Usifungue mkutano kwa kuuliza, "Jina la kweli ni lipi?" Uliza, "Jina hili linakukumbusha nini?" Acha kila upande useme, mwingine asikilize bila kukatiza.
- Andika kando yale yanayotajwa pamoja na jina: hati za ardhi, kazi, bursari, nafasi za kamati, hofu ya kufukuzwa. Hiyo ndiyo ajenda yako ya kweli.
- Hesabu viti. Kama kamati ya maji ina watu tisa na wote ni wa upande mmoja, usishangae watu wakigombania kibao cha shule.
- Katika matangazo na kumbukumbu za mkutano, andika majina yote mawili, na mbadilishane lipi litangulie.
- Kwa kitu kipya, kama zahanati au kisima, tafuteni jina ambalo hakuna jirani atakayeliona kama kofi usoni.
- Kataza kibao kufutwa usiku. Linalofutwa usiku hurudishwa kwa hasira mchana.

Msiharakishe. Kijiji kinaweza kuishi na majina mawili vizazi vingi. Hakiwezi kuishi vizuri na kisima kimoja ambacho nusu ya watu wanazuiliwa kuchota.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mahali katika eneo letu panapoitwa kwa majina mawili? Nani anatumia lipi, na kwa nini?
2. Jirani yetu akitaja jina letu vibaya au kulikataa, tunasikia anasema nini juu yetu?
3. Ni haki gani, au hofu gani, imejificha chini ya ugomvi huo?
4. Ni kazi gani tunayoweza kuanza pamoja mwezi huu bila kungojea jina?
5. Nani hayuko katika kikundi chetu leo, na ingefaa awepo tunapojibu maswali haya?

Jadilianeni polepole, swali moja kwa kikao kimoja likitosha. Majibu ya swali la nne yaandikwe ukutani, pamoja na jina la mtu atakayefuatilia na tarehe.